Jicho la Kulia la Verlin Stauffer

Shemeji yangu Verlin Stauffer aliendesha mbio kubwa tano tu maishani mwake, na katika tatu za mwisho jicho lake la kulia lilikuwa halioni. Gazeti la mkoani kwetu lilimtaja mara tatu, na mara ya kwanza lilikosea jina. Mimi, Clell Habegger, nilikaa pembeni yake katika zote tano.

Miaka ile gari la mashindano lilibeba watu wawili. Dereva kushoto, fundi kulia, mmebanana mpaka kiwiko cha mmoja kinaingia mbavuni mwa mwenzake. Dereva anatazama mbele. Fundi anatazama geji ya oili, anapiga pampu ya mkono presha ya petroli ikishuka, na anageuka nyuma kuona nani anakuja. Kuongea haiwezekani. Ukipiga kelele hata wewe mwenyewe hujisikii. Kwa hiyo mnaongea kwa mikono.

Sisi ni watu wa Adams, Indiana, watu wa ng'ombe na jibini. Verlin alikuwa anaendesha lori la kiwanda cha jibini, akipita kwenye mashamba alfajiri kukusanya madebe ya maziwa. Aliendesha barabara za changarawe kwa mwendo ambao hata kuku wa huko walikuwa wameujua; wakisikia lori lake walikimbia kabla halijatokea. Mzee mmoja wa kule Linn Grove alikuwa akimsubiri kila asubuhi langoni, mikono kiunoni.

"Verlin! Maziwa yangu yanafika kiwandani yameshakuwa siagi!"

"Basi wanalipa zaidi, mzee. Nishukuru."

Bwana Amstutz, mwenye gereji pale mjini, alikuwa ametengeneza gari la mashindano kwa vipande vya magari matatu, na alikuwa anatafuta dereva asiyeogopa kona. Akamchukua Verlin. Verlin akasema hataki fundi mwingine ila mimi, mume wa dada yake Leota. "Huyu shemeji yangu hana kazi nyingine ya maana," akamwambia Bwana Amstutz. "Kukamua ng'ombe kwenyewe hawezi." Tukaingia mbio za kwanza Juni mwaka 1932 na tukamaliza wa tisa katika magari ishirini na mbili. Tulirudi nyumbani tumevimba vichwa kana kwamba tumeshinda.

Mbio za pili zilikuwa Agosti. Katika mzunguko wa sitini na kitu, gurudumu la gari la mbele lilirusha jiwe. Nilisikia mlio kama wa kikombe kikidondoka jikoni, nikageuka, nikaona kioo cha kulia cha miwani ya Verlin hakipo na damu inashuka mpaka kwenye kola. Nikamwonyesha kwa mkono: ingia, simama. Akatikisa kichwa. Akaendesha mizunguko kumi na minne mingine hivyo hivyo, na mimi nikimpangusa shavu kwa kitambaa cha kufutia oili.

Hospitalini walimshona kope wakamfunga bendeji. Baada ya wiki sita walimfungua, na jicho lilikuwa zuri kabisa kwa kulitazama, la bluu kama la kushoto. Verlin aliketi jikoni kwetu akamwambia Leota kwamba amepona. Leota akalia kidogo, akampakulia tena tambi na nyama.

Mimi sikuamini. Kuna namna alivyokuwa anageuza kichwa. Siku moja tulikuwa tunapakia madebe matupu nyuma ya kiwanda, nikasimama upande wake wa kulia, nikamtolea ulimi. Hakufanya kitu. Nikampungia mkono karibu na sikio. Hakufanya kitu.

"Verlin. Jicho."

"Jicho gani?"

"Usinifanye mjinga. Nimekutolea ulimi hapa kama mbwa."

Akaweka debe chini. "Linaona mwanga," akasema. "Ni kama kutazama ndani ya glasi ya maziwa. Najua kama ni mchana."

"Basi imekwisha."

"Haijaisha. Wewe unakaa upande gani, Clell?"

"Kulia."

"Basi."

Nilielewa kabla hajamaliza, na ningeweza kusema hapana. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Jibu ni kwamba nilikipenda kile kiti. Wakati ule nilikipenda kuliko nilivyompenda yeye.

Tukapatana hivi: mkono wangu wa kushoto nikiuweka juu ya paja lake, maana yake kuna gari upande wa kulia, usisogee. Nikiuinua, njia ni nyeupe. Hakuna ishara nyingine. Majira yote ya baridi tulifanya mazoezi ndani ya lori la maziwa, mimi nikiweka mkono kila tulipopita mti, nguzo au ng'ombe wa mtu. Kufika Aprili alikuwa anaendesha kwa mkono wangu bila kufikiri, kama mtu anavyopumua. Leota hatukumwambia.

Mei 1933 ikaja, na kabla ya mbio za kwanza za mwaka ule madereva na mafundi wote walitakiwa kupimwa na daktari. Alikuwa na chumba kidogo chini ya jukwaa la watazamaji, na ukutani ametundika karatasi ya herufi. Niliingia mimi kwanza. Nilisoma mstari wa chini, nikausoma tena kichwani mara tano, nikatoka. Verlin alikuwa kwenye benchi. Nikainama kufunga kamba za viatu.

"D, F, N, P, T, H," nikanong'ona.

"D, F, N, P, T, H," akarudia, akaingia.

Mlango haukufungwa vizuri. Niliona mgongo wake na mkono wa daktari. Aliziba jicho la kulia, akasoma mstari mzima kwa la kushoto, vizuri, bila haraka. Kisha daktari akasema, "Lingine."

Akaziba la kushoto. Sasa mbele yake palikuwa na glasi ya maziwa tu.

"D, F, N, P, T, H."

"Umesoma haraka sana, kijana. Hebu nisomee kuanzia mwisho."

Shati la Verlin lilikuwa limeshikana na mgongo. Nikaona vidole vya mkono wake mmoja, ule uliokuwa huru nyuma yake, vinakunjuka kimoja kimoja.

"H," akasema. "T." Akanyamaza. Kule juu watu walikuwa wanakanyaga mbao za jukwaa na vumbi lilikuwa linadondoka toka darini. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kofia yangu. Halafu Verlin akacheka. "Daktari, kwani leo tunakimbia kinyumenyume?"

Daktari naye akacheka. "Maliza, bwana, kuna foleni."

"P, N, F, D."

Nikasikia muhuri ukigonga karatasi.

Katika mbio zile tulikuwa wa sita. Mwezi Juni, kwenye uwanja mwingine, tukawa wa nne, na safari hii gazeti likaandika jina lake sawasawa. Bwana Amstutz alianza kuongea habari za kujenga gari jipya. Ulikuwa ni mkono wangu juu, mkono wangu chini, na Verlin alikuwa anapita kwenye nafasi ambazo watu wenye macho mawili walikuwa wanaziogopa. Niliacha kuogopa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Mbio za tano zilikuwa tarehe nne Julai, uwanja wa Harlan Grove, mizunguko mia moja ya udongo uliomwagiwa oili, na uzio wa mbao kuzunguka nje. Asubuhi tulikosa spana ya saizi fulani, nikaenda kuazima kwa jirani. Jirani alikuwa Dallas Rohrbach kutoka Ohio, mwenye gari jekundu, na fundi wake aliitwa Emory Tackett, mtu mrefu mwembamba ambaye nilijiuliza anajikunjaje kuingia mle ndani.

"Chukua," Emory akaniambia, "lakini irudishe ikiwa safi. Sitaki spana yangu inuke jibini."

"Afadhali jibini. Gari lenu linanuka moshi toka jana."

"Huo moshi ndio mtakaoula leo."

Nilimrudishia spana nimeipangusa, akainusa makusudi mbele ya watu wote. Tukacheka.

Tulianza katika nafasi ya saba. Jua lilikuwa kali, vumbi lilipanda mpaka bendera zikawa hazionekani vizuri kwa mtu yeyote. Mzunguko wa thelathini tulikuwa wa tano. Mzunguko wa sitini, wa tatu. Mzunguko wa sabini na tano gari lililokuwa la pili liliingia pembeni kwa mafundi likitoa mvuke, na sisi tukachukua nafasi yake. Nilimwonyesha Verlin vidole viwili, akakenua meno, meusi kwa udongo.

Mzunguko wa themanini na mbili niligeuka nyuma nikaona jekundu likija. Rohrbach alikuwa amechagua kupita nje, upande wetu wa kulia. Nikaweka mkono wangu kwenye paja la Verlin. Akabana kushoto, akawaachia nafasi, kama kawaida. Gurudumu lao la mbele likawa sawa na gurudumu letu la nyuma.

Ndipo nilipohisi baridi kwenye kifundo cha mguu. Petroli ikimwagika huwa ya baridi, hata siku ya joto. Bomba la pampu lilikuwa limeachia kwenye maungio, na petroli ilikuwa inaruka chini ya miguu yangu, shubiri moja kutoka kwenye bomba la moshi lililokuwa jekundu kwa moto. Geji ya presha ilikuwa inalala. Nikashika maungio kwa mkono wa kulia nikayakandamiza. Pampu inataka mkono. Bila pampu injini inakufa, na gari likifa katikati ya kona wote walio nyuma watatuingia.

Sikuamua. Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe. Uliondoka pajani ukashika pampu, na nikapiga mara moja, mara mbili, mara tatu, kichwa changu kikiwa chini karibu na magoti. Kisha nikaona kivuli cha usukani kikigeuka kulia.

Nilipiga kelele ambayo haikusikika.

Kulikuwa na mgongano mdogo tu. Watu husema wanasikia mlipuko. Mimi nilisikia kitu kama mlango unaogongwa mara moja. Gari letu likayumba, Verlin akalishika. Nilipoinua kichwa, jekundu lilikuwa hewani. Lilipita juu ya uzio likibeba mbao, likageuka, na vumbi likafunika kila kitu.

Verlin alinigeukia mzima mzima ili anione kwa jicho la kushoto. Midomo yake ilisema, "Kulikuwa na mtu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Bendera ya njano ikatoka. Tulizunguka polepole, na safari hii bomba nilikuwa nimelifunga kwa mkanda wangu. Tulipopita pale kwenye kona, Rohrbach alikuwa amesimama ameshika kichwa kwa mikono miwili. Watu wanne walikuwa wamepiga magoti kando ya kitu kirefu kilicholala kwenye majani. Mguu mmoja wa kitu hicho ulikuwa umeelekea upande usiowezekana.

Zilikuwa zimebaki raundi kumi na sita na sisi tulikuwa wa pili. Verlin akaingia kwa mafundi akazima injini.

Bwana Amstutz alikuja mbio. "Nini? Tairi? Petroli?"

"Gari ni zima," Verlin akasema.

"Sasa unazima nini? Rudi ndani! Rudi ndani, mwanaharamu wee!"

Verlin akashuka, akavua miwani, akaiweka juu ya kiti. Akaanza kutembea kuelekea kwa mwamuzi mkuu, na mimi nikamfuata. Nilimkamata mkono njiani.

"Verlin, ngoja. Hakuna aliyeona. Vumbi lote lile. Watasema ni mambo ya mbio."

"Mimi nimeona?"

"Nini?"

"Nakuuliza, mimi nimeona?" Akauondoa mkono wangu.

Mwamuzi alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya majani. Verlin akasimama mbele yake kama mtoto wa shule.

"Nimeligonga gari la Rohrbach. Jicho langu la kulia halioni tangu mwaka jana."

"Daktari alikupima. Nina karatasi yako."

"Nilimdanganya daktari."

Mwamuzi akamtazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi. "Na fundi wako alijua?"

Magari yalikuwa yanapita nyuma yetu. Verlin hakunitazama.

"Hapana," akasema. "Hakujua."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa yule mtu mwenye kofia. Ningeweza kufungua mdomo. Sikuufungua.

Verlin alifungiwa kushiriki mbio maisha yake yote, siku hiyo hiyo. Gazeti lilimtaja kwa mara ya tatu, mstari mmoja, bila sifa. Emory Tackett alivunjika nyonga na paja, na hakufa, ingawa kwa siku tatu walidhani atakufa. Verlin alikaa siku hizo tatu jikoni kwetu bila kula, na Leota alikuwa anatembea kutoka jiko mpaka dirishani, akimuuliza jambo lile lile. "Ulijua huoni na ukaenda? Ulijua, na ukamchukua mume wangu?" Verlin alikuwa akijibu, "Nilijua." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale mezani.

Jumapili ya pili akaniomba nimpeleke hospitali. Emory alikuwa ameninginizwa mguu kwa kamba na mawe ya uzani, uso wake wa njano.

"Umekuja kuomba msamaha?" akamuuliza Verlin.

"Hapana. Nimekuja ili kama unataka kunitukana, unitukane nikiwepo."

Emory akafumba macho. "Rudi Jumapili ijayo. Leo wamenipa dawa, matusi hayatatoka sawasawa."

Jumapili iliyofuata tukarudi, na alimtukana nusu saa nzima, mpaka muuguzi akafunga mlango. Verlin alisimama na kofia mkononi. Alipomaliza, Emory akaomba maji, na Verlin akamshikia glasi. Alikwenda kila Jumapili mpaka Oktoba, Emory aliporudishwa Ohio.

Kiwanda kilimwondoa kwenye lori, kikampeleka chini kwenye stoo ya jibini. Kazi yake ikawa kugeuza mapande ya jibini ya mviringo kama magurudumu, moja baada ya jingine, na kuyasugua kwa chumvi. Aliifanya miaka ishirini na minane. Mimi nilikuwa msafi machoni pa waamuzi, nikaendelea na dereva mwingine misimu miwili. Nilikuwa natapika kabla ya kila mbio. Baadaye nikaacha, nikafungua duka la vifaa vya mashamba.

Mara moja tu nilimuuliza. Nilimfuata kule stoo, kwenye baridi ile na harufu ile.

"Kwa nini ulisema sikujua?"

Aligeuza jibini, akalipiga kwa kiganja. "Nani angemlisha dada yangu? Bora mmoja wetu abaki na jina."

"Na ule mkono, Verlin. Niliondoa mkono."

"Najua uliuondoa. Paja ni langu." Akachukua jibini jingine. "Bomba lilikuwa limeachia. Nilinusa. Ungefanyaje, utuchome moto?"

Hakutaka kuendelea, na hatukuongea tena habari hiyo.

Alikufa kwa nimonia mwanzoni mwa Aprili 1962. Baada ya kutoka makaburini watu walikuja kwetu kula. Leota alikuwa ameshakata nyama ya nguruwe wakati gari la Ohio liliposimama nje na mtu mrefu mwenye fimbo akashuka kwa shida. Nilimjua kabla hajavua kofia. Tukamweka mezani, kati yangu na Leota, kwa kuwa hakuna mwingine aliyemjua.

"Alikuwa ananiandikia kila Krismasi," Emory akasema. "Barua mbaya kabisa. Ng'ombe na hali ya hewa tu."

Nikajisikia nikisema, mbele ya mke wangu, mbele ya sahani. "Nilijua kuhusu jicho. Toka mwanzo. Mkono wangu ndio uliokuwa unamwonyesha upande wa kulia, na siku ile niliuondoa. Yeye alidhani njia ni nyeupe."

Leota aliacha kisu. Emory hakugeuka. Alitafuna mpaka akameza.

"Mimi nilikuwa nimeinama kwenye pampu," akasema. "Kazi yangu ilikuwa kuwatazama nyinyi mpaka tupite. Niliona gari lenu limeanza kusogea. Niliona. Ningemgonga Dallas bega angekanyaga breki. Nikasema kichwani, ngoja nipige pampu mara moja zaidi." Akapangusa mdomo. "Nimemtukana yule mtu nusu saa nzima, na hilo sikumwambia."

Hatukupeana mikono wala kulia. Nilidhani ningesikia nafuu, lakini sikuisikia. Akaomba kahawa, akanywa, akasema ana safari ya mwendo wa saa tatu na mguu haupendi giza. Nilimsindikiza mpaka garini.

Leota hakuniuliza kitu siku ile, wala kesho yake. Aliniuliza baada ya wiki mbili, tukiwa shambani tunapanda viazi, yeye mbele na mimi nyuma. Alitaka kujua kila kitu, kuanzia ile siku ya madebe matupu nyuma ya kiwanda. Nikamwambia yote, na ilituchukua mpaka mstari wa mwisho.